Dagaa Mfukoni

Kwenye mageti ya Nairobi, Arusha na Dar es Salaam kuna kibao ambacho kila mpita njia anakijua: MBWA MKALI. Wachoraji wengine huandika “mbwa kali”, walimu wa sarufi wakakereka, lakini ujumbe haupotei. Nyuma ya kibao mara nyingi yupo mnyama anayeshinda kwenye mnyororo, hufunguliwa usiku, hulishwa makombo ya ugali, na tangu azaliwe hajafundishwa neno hata moja. Watu huuhesabu ukali wake kuwa kitu alichozaliwa nacho, kama rangi ya manyoya.

Fundi wa mbwa haanzii hapo. Akiitwa kwenye nyumba ya namna hiyo, huomba kiti, akaketi kibarazani na kutazama. Nani anapita nje? Mbwa anaanza kubweka lini, ananyamaza lini, na katikati kunatokea nini? Muuza mboga anapita na mkokoteni. Mbwa anabweka. Muuza mboga anaendelea na safari yake. Machoni pa mwenye mbwa hakuna kilichotokea. Kwa mbwa mwenyewe, adui alikuja, akapigiwa kelele, akakimbia. Kesho yatakuwa hayo hayo, na keshokutwa pia. Mnyama huyu hushinda vita ishirini kwa siku, na silaha inayoshinda haiwekwi chini.

Uzuri wa kazi hii uko hapo, na unastahili sifa nyingi kuliko unazopewa. Mbwa yuko darasani saa zote, hata wakati ambapo hakuna anayemfundisha. Kazi ya fundi ni kugundua mbwa ameshajifunza somo gani, na nani amekuwa akimlipa kwa kulishika.

Mara nyingi mlipaji ni mwenye mbwa. Mbwa anayewarukia wageni husukumwa kwa mikono, hufokewa, hutazamwa usoni. Kwa mnyama aliyeshinda peke yake tangu asubuhi, mikono, sauti na macho ni karamu. Fundi humwelekeza mgeni ageuze mgongo, anyamaze, asubiri miguu yote minne iguse chini, na hapo hapo amsalimie. Naye mbwa anayevuta kamba anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka. Basi kamba ikikaza, fundi husimama kama mbuyu, na ikilegea, huenda. Jioni ya kwanza wanaweza kutumia robo saa kufika kona ya mtaa. Wengi hukata tamaa kwenye kona hiyo, nao wamekaribia kufaulu.

Ugumu uko kwenye wakati. Mbwa akiketi, malipo yamfikie papo hapo. Yakichelewa hata kidogo, ameshainuka, na kilicholipwa ni kuinuka. Ndiyo sababu fundi mzuri hutembea na dagaa wakavu mfukoni, au vipande vya maini ya kuchemsha, vidogo kama punje ya maharage. Nguo zake zinanuka, naye hajali.

Elimu hii ina historia, na sehemu yake ilianzia kwenye mate. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliona kwamba mbwa wa maabara yake walidondosha mate kabla chakula hakijafika mdomoni. Dalili tu kwamba chakula kinakuja ilitosha. Hata hivyo, kwa miongo mingi baada ya hapo wafunzaji wengi waliendelea kutegemea mnyororo unaobana shingo. Mbwa walijifunza, hilo halikatai mtu. Walijifunza pia kuuogopa mkono ulioshika mnyororo.

Badiliko kubwa lilitoka baharini. Katika miaka ya 1960 Karen Pryor alikuwa akiwafunza pomboo huko Hawaii, na pomboo hafungiki kamba. Ukimkaripia, anazama na kukuacha na maji yako. Njia iliyobaki ilikuwa kungoja afanye unachotaka, kupuliza filimbi palepale, na kumrushia samaki. Filimbi ilikuwa na maana moja: hicho hicho ulichofanya sasa. Mbinu hiyo ilitokana na sayansi ya mwanasaikolojia B. F. Skinner na wanafunzi wake Keller na Marian Breland. Pryor akaja kuieneza kwa wenye mbwa, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1984. Mahali pa filimbi pakachukuliwa na kidude cha plastiki chenye ulimi wa bati, kinacholia “tak!” kikibonyezwa.

Kwenye pwani yetu mbwa ana hadithi nyingine. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Watu wengi huishia hapo. Lakini aya ya 4 ya Suratul Maida inaruhusu kuliwa mawindo ya wanyama waliofundishwa kuwinda, jina la Mwenyezi Mungu likiwa limetajwa, na mafakihi wakakaa kuulizana: mbwa aliyefundishwa ni yupi? Wakaweka masharti. Akitumwa aende, akizuiwa azuilike, asile alichokikamata, na hayo yajirudie mpaka ijulikane kwamba si bahati. Fundi wa leo akipewa masharti hayo angeyatia saini. Mnyama ni yule yule, meno ni yale yale. Kilichoigeuza nyama kutoka haramu kuwa halali ni mafunzo.

Kilele cha ufundi huu kwa sasa kinaonekana Usa River, karibu na Arusha, ambako shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifunza mbwa wa kunusa pamoja na askari watakaowaongoza. Harufu ya pembe ya ndovu haina maana kwa mbwa mpaka ihusishwe na kitu anachokipenda. Kitu hicho huwa ni mpira. Mbwa hupitishwa kwenye safu ya masanduku, moja likiwa na harufu. Akilifikia na kuganda, mpira unatokea. Mchezo huo huo, umefanywa mamia ya mara, ndio unaopelekwa bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, katikati ya makontena na mizigo. Mbwa hajui ujangili ni nini. Anatafuta mpira wake. Askari naye anajifunza kusoma mkia, masikio na pumzi, kwa sababu mbwa husema “kiko hapa” kabla hajaganda, na asiyeona hayo atamvuta kamba aondoke.

Kuna fikra moja iliyowaumiza mbwa wengi: kwamba mbwa anataka kuwa mkubwa wa nyumba, basi avunjwe nguvu. Ilitokana na utafiti wa mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa pamoja, maarufu ukiwa ule wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947. Mtafiti David Mech aliieneza katika kitabu chake cha 1970. Baadaye akawafuatilia mbwa mwitu walio huru kaskazini mwa Kanada, akakuta kwamba kundi ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Mwaka 1999 akaandika kusahihisha, na akamwomba mchapishaji aache kukichapa kitabu chake mwenyewe. Mtaalamu anayefanya hivyo anastahili kuvuliwa kofia.

Madhara ya fikra hiyo huonekana kwenye bakuli la chakula. Mbwa anakula, mtoto anasogea, mbwa ananguruma. Baba anampiga kwa kunguruma. Baada ya wiki chache hangurumi tena, na familia inafurahi, mpaka siku anapouma bila onyo. Hofu ya kunyang'anywa haikuondoka. Kilichoondoka ni kengele. Fundi hufanya kinyume. Mtoto anawekwa mbali, na mtu mzima ndiye anayepita, umbali ambao mbwa bado ametulia, akidondosha kipande cha nyama na kuendelea na njia yake. Kesho anapita karibu kidogo. Polepole nyayo zinazokaribia bakuli zinakuwa habari njema.

Lakini si kila tabia ni ya fundi. Mbwa mpole aliyegeuka ghafla huenda ana sikio linalooza au nyonga inayouma, na huyo ni wa daktari wa mifugo. Hapa pia pana kichaa cha mbwa, ambacho kwa binadamu hutokana na mbwa kwa takriban asilimia 99 ya visa. Anayeng'ata ovyo na kudondosha mate hafundishwi wala hasogelewi. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha akimbilie chanjo.

Rahisi kuliko yote ni kuwahi. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 mtoto wa mbwa hujifunza nani ni rafiki na nini si cha kuogopwa. Samaki mkunje angali mbichi. Watoto wengi wa mbwa wa mageti yetu huzipitisha wiki hizo ndani ya banda.

Yule wa kwenye kibao alishazipita zamani. Kwake fundi alianza na mkokoteni: ukisikika tu mbali, kabla ya sauti ya kwanza, dagaa mmoja anaanguka mbele yake. Ukija, dagaa, ukipita, dagaa hakuna. Wiki ya kwanza alibweka huku anatafuna. Wiki ya tatu, magurudumu yakalia barabarani, na mbwa, badala ya kulikimbilia geti, akageuza kichwa na kumtazama fundi. Mkono ukaingia mfukoni.