Miatine ya Machakos na Ufundi wa Kufunga Seli za Hamira

Miongoni mwa Wakamba wa Machakos, kaluvu, yaani pombe ya asali au ya maji ya miwa, huchachushwa kwa miatine, ambayo ni matunda makavu ya mwegea, mti unaojulikana kisayansi kama Kigelia africana, na ambao Wakikuyu huuita muratina sawa na pombe yao. Kazi kubwa ya tunda hilo ni kubeba hamira, na kwa sababu hiyo mbinu hii inaingia katika fungu la ufungaji wa seli, yaani ufundi wa kushikiza chembe hai kwenye kitu kigumu ili zifanye kazi bila kumwagwa pamoja na kinywaji.

Kwa kuwa tunda bichi lina sumu, hupasuliwa, huchemshwa na kuanikwa juani mpaka ubakie mtandao wa nyuzi ngumu zenye mianya. Nyuzi hizo hunyunyiziwa asali au maji ya miwa, huwekwa mahali penye joto ili hamira izaliane, kisha huanikwa tena. Zinapotiwa katika chombo cha asali iliyochanganywa na maji, seli za hamira, ambazo kila moja ina kipenyo cha takribani mikromita 5 hadi 10, huwa zimekwisha kujipachika katika mianya hiyo, hivyo uchachukaji huanza mapema. Pombe ikiiva, miatine huopolewa, huanikwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya pombe nyingine.

Wataalamu huita njia hii unataji, kwa maana kwamba seli hujishikiza zenyewe juu ya kishikizo bila kufungiwa ndani yake. Njia nyingine, inayotumika sana maabarani, ni unasaji: hamira huchanganywa na alijineti, ute unaopatikana katika mwani, kisha mchanganyiko hudondoshwa katika maji yenye kloraidi ya kalisiamu, na kila tone likaganda kuwa shanga laini inayopitisha sukari huku ikizuia seli. Shanga hushika seli kwa uthabiti zaidi, lakini sukari huchelewa kuzipenya na gesi ya kabonidioksidi inaweza kuzipasua; nyuzi za mwegea hazina kikwazo hicho kwa kiwango kikubwa, ingawa baadhi ya seli hubanduka na kuelea.

Udhaifu wa miatine uko kwingine, kwa sababu nyuzi zinazohifadhi hamira huhifadhi bakteria pia, wakiwemo wale ambao, wakipata hewa, hugeuza kileo kuwa siki, na ndiyo maana ubora wa kaluvu hubadilika kutoka chombo hadi chombo. Tiba yake ni kuchemsha nyuzi upya na kuzipandikiza hamira teule ya Saccharomyces cerevisiae kabla ya kila matumizi. Kishikizo chenyewe hakihitaji kubadilishwa, kwani ni rahisi kupatikana, kina mianya, hakiyeyuki na hutumika tena. Wagunduzi wake wanastahili kutambuliwa kuwa mafundi kamili wa uchachushaji.