"Muzuri tu": uhakiki wa hojaji za Kiswahili za kupimia ubora wa maisha ya wagonjwa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki chombo ambacho kwa kawaida huachiwa madaktari na wanatakwimu: hojaji ya kupimia ubora wa maisha ya mgonjwa kwa upande wa afya yake. Chombo hiki hakina sindano wala darubini. Kimeundwa kwa maneno matupu: swali husomwa, mgonjwa hujibu, jibu lake hugeuzwa namba. Neno likiwa na kasoro, namba nayo itakuwa na kasoro, hata kama hesabu imefanywa kwa uangalifu. Kwa hiyo hojaji ni matini, na matini huhakikiwa.

2. Asili ya hojaji hizi

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, iliieleza afya kuwa ni ustawi wa mwili, wa akili na wa kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Kipimo cha damu hakiwezi kuthibitisha ustawi wa namna hiyo. Ilibidi mgonjwa mwenyewe aulizwe. Mwaka 1990 kundi la EuroQol lilitangaza hojaji ambayo leo huitwa EQ-5D, inayouliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Mwaka 1992 ilitangazwa SF-36 ya Marekani, yenye maswali 36 ambayo majibu yake hukusanywa katika nyanja nane. Hii ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu mwaka 1999 Wagner na wenzake walitangaza tafsiri yake ya Kiswahili kwa ajili ya Tanzania, na mwaka huohuo Wyss na wenzake wakatangaza matokeo ya kuijaribu kwa wakazi wa Dar es Salaam.

Kazi hiyo yastahili heshima. Matini ya asili inamwuliza mgonjwa kama anaweza kucheza gofu, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, au kutembea zaidi ya maili moja. Mfasiri yeyote wa Kiswahili analazimika kutafuta badala ya mambo hayo. Hata hivyo, kubadilisha kitu ni rahisi kuliko kubadilisha dhana, na hapo ndipo hoja yetu inapoanzia.

3. Swali linalofanana na salamu

Swali la kwanza la SF-36 linamtaka mgonjwa aeleze afya yake kwa ujumla, naye achague moja kati ya ngazi tano, kuanzia iliyo bora kabisa hadi iliyo mbaya. Katika Kiswahili swali hilo lina mwenzake wa zamani sana: salamu. Ukimwuliza mama wa Kapolowe, "Habari gani, mama?", atakujibu, "Muzuri tu, baba," hata kama hakulala usiku kucha kwa homa. Hasemi uongo. Adabu inamtaka afungue mlango kwanza, ndipo aeleze yaliyomo ndani. Taabu huja katika sentensi ya pili au ya tatu, baada ya "lakini". Mwenye hojaji huandika sentensi ya kwanza na kupita kwenye swali linalofuata.

Tena kuna kile kijineno "tu". Mtu anayesema "muzuri" na anayesema "muzuri tu" hawasemi jambo moja; wa pili amekwisha kuonyesha kwamba wema huo una mpaka. Kwa Waswahili wa pwani hali ni hiyohiyo kwa njia nyingine. "Mgonjwa hajambo leo" haina maana kwamba amepona. Maana yake ni kwamba amepata nafuu. Neno moja hutumika kwa mzima na kwa anayeanza kuinuka kitandani. Ngazi tano za karatasi hazina nafasi ya tofauti hizo, ingawa lugha yenyewe inazo.

4. Moyo, mawazo na kilio

SF-36 hutenga nyanja za mwili na nyanja za akili, kisha hutoa jumla mbili. Lakini huku kwetu mtu husema ana mawazo mengi, au moyo unamuuma, na kwa maneno hayo hutaja usingizi uliopotea, chakula kisichoshuka, deni lisilolipwa na mtoto aliyeondoka. Je, jibu hilo liwekwe upande gani?

Kuhusu jamii, hojaji inauliza kama ugonjwa umemzuia mtu kushirikiana na ndugu, rafiki na majirani. Swali linaelekea kuzitazama ziara kama burudani. Kwetu nyingi kati ya ziara hizo ni wajibu. Asiyeweza kwenda kwenye kilio cha jirani amepungukiwa na kitu kikubwa kuliko starehe, kwa maana siku yake ikifika atahesabiwa naye. Hakuna orodha ya shughuli inayoweza kuitwa kamili hapa kama haitaji kilio.

5. Kiswahili kipi?

Tafsiri ya mwaka 1999 ilifanywa kwa ajili ya Tanzania. Schicho (1982) alichunguza sintaksia ya Kiswahili cha Lubumbashi, na Fabian (1986) alionyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyoingiliana na historia ya utawala na kazi. Baada ya kazi hizo, hakuna mwanaisimu anayeweza kudai kwamba karatasi ya Dar es Salaam itasomeka vilevile Likasi. Neno "sonona", linalopatikana katika maandishi ya afya ya akili ya Tanzania, halisikiki katika soko letu. Mgonjwa asiyeelewa neno hukubali mojawapo ya majibu kwa heshima ya anayemwuliza, na karatasi haitaonyesha kwamba hakuelewa.

6. Kwa nini jambo hili ni zito

Kapolowe iko karibu na Ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, katika eneo la migodi na viwanda vya madini. Mwaka 2009 Banza na wenzake wa Lubumbashi na Leuven walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 351 wa Katanga: kobalti katika mkojo wa waliokaa karibu na migodi na viwanda ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Mkojo umepimwa kwa usahihi. Je, maisha ya watu hao yatapimwa kwa usahihi gani? Namba za ubora wa maisha hutumiwa kuamua tiba ipi ina faida na fedha ziende wapi. Mvuvi aliyejibu "muzuri tu" asije akaandikwa miongoni mwa wazima.

Wapo watakaosema kwamba bila kipimo kimoja hatuwezi kulinganisha nchi na nchi. Wengine watasema kwamba mgonjwa akiulizwa mara mbili, adabu yake itakuwa ileile, kwa hiyo badiliko litaonekana. Hoja ya pili tunaikubali kwa sehemu: inafaa kumfuatilia mgonjwa mmoja kabla na baada ya tiba. Haitoshi kulinganisha Kapolowe na Chicago, na ulinganisho huo ndio unaotetewa na hoja ya kwanza.

7. Hitimisho

Njia nyingine ipo. Huko Harare, mwaka 1997, Patel na wenzake walitangaza hojaji iliyojengwa juu ya lugha ya Washona wenyewe ya kueleza dhiki. Nchini Kenya, watafiti wa KENQOL, ambao mwaka 2002 walieleza mbinu zao za kujaribu maswali, walianza na dhana za wenyeji kabla ya kuandika maswali. Tunapendekeza mambo matatu kwa Katanga: salamu imalizike kabla ya swali la kwanza kuandikwa, maneno ya wagonjwa yakusanywe kwanza, ndipo ngazi za majibu zipangwe, na mwanaisimu aketi mezani tangu siku ya kwanza, asiitwe mwishoni kusahihisha tahajia. Idara zetu zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Mada hii inawangoja katika kila zahanati.