Kwa Pamoja, Sambamba au kwa Wakati Mmoja? Uhakiki wa Tafsiri za Neno "Concurrent" katika Mahakama na Sera za Umma: Mtazamo kutoka Nakawa, Kampala

Ikisiri

Makala hii inahakiki visawe vya Kiswahili vinavyotumika kutafsiri neno la Kiingereza "concurrent", hususani katika adhabu za vifungo. Inajadiliwa kwamba visawe viwili vilivyozoeleka, "kwa pamoja" na "sambamba", vina maana ya pili inayoweza kumfikishia msikilizaji kinyume cha amri iliyotolewa. Makala inapendekeza kisawe kilicho wazi zaidi na utaratibu wa kutaja muda halisi wa kifungo.

1.0 Utangulizi

Divisheni ya Nakawa, mashariki mwa jiji la Kampala, imekusanya taasisi ambazo kwingineko hutawanyika. Ipo Mahakama ya Hakimu Mkuu ya Nakawa; lipo gereza la Luzira, karibu na ufuko wa ziwa; kipo Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu za awali; na hapo Kyambogo kipo pia Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala. Mtu anaweza kuhukumiwa, akafungwa, na mwanawe akafundishwa Kiswahili na mwalimu aliyeandaliwa Kyambogo, pasipo hata mmoja wao kutoka nje ya divisheni hiyo. Kwa sababu hiyo Nakawa ni mahali panapofaa kuulizia swali linaloonekana dogo: amri ya mahakama kwamba vifungo viwili ni "concurrent" isemweje kwa Kiswahili ili anayefungwa ajue atatoka lini?

Swali hili lina uzito wa kikatiba. Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Marekebisho ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira ambayo Bunge litaainisha kwa sheria. Kiingereza kingali lugha ya mahakama, lakini miongoni mwa askari, polisi, madereva wa malori na wahamiaji kutoka Kongo Mashariki, Kiswahili mara nyingi ndicho daraja linalopatikana. Daraja likiwa na ubao uliooza, anayeanguka si mtafsiri.

2.0 Asili na maana ya neno

"Concurrent" linatokana na kitenzi cha Kilatini "concurrere", yaani kukimbia pamoja au kukutana mbioni. Kutoka katika taswira hiyo, Kiingereza kimepata maana zaidi ya moja. Matukio ya wakati mmoja huitwa hivyo. Mamlaka mbili zenye madaraka juu ya jambo moja huitwa hivyo. Na katika jometri, mistari inayokutana kwenye nukta moja huitwa hivyo pia. Neno jirani, "simultaneous", asili yake ni "simul", yaani kwa wakati mmoja. La kwanza limebeba taswira ya mwendo na makutano. La pili limebeba wakati tu.

Tofauti hii ni muhimu kwa mtafsiri. Katika Kiingereza, kifungo "hukimbia": huanza, huendelea na hukoma kama kitu chenye miguu yake. Katika Kiswahili, kifungo hakikimbii; hutumikiwa. Mwenye kwenda ni mfungwa, naye ana mwili mmoja. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Kwa hiyo tafsiri inayosema vifungo viwili "vitakwenda pamoja" inamtaka msikilizaji afikirie mwendo ambao lugha yake haikuuzoea, kisha akokotoe mwenyewe matokeo yake katika hesabu ya miaka.

3.0 Uhakiki wa visawe vilivyopo

3.1 Kwa pamoja

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mshtakiwa ametiwa hatiani kwa makosa mawili: la kwanza miaka 3, la pili miaka 5, na mahakama imeelekeza vifungo viwe "concurrent". Mkalimani anasema: "Utatumikia miaka mitatu na miaka mitano kwa pamoja." Tatizo ni kwamba neno "pamoja" ni neno la kujumlisha. Sokoni Nakawa, muuzaji akisema nyanya na vitunguu pamoja ni shilingi elfu nane, ametaja jumla. Msikilizaji mwenye akili timamu ana kila sababu ya kusikia miaka 8. Amri ilisema 5.

Hili si kosa dogo la tafsiri ambapo kivuli cha maana kimepotea. Ni kosa linalogeuza maana. Sheria za mwenendo wa kesi za jinai za Uganda, Kenya na Tanzania zina kanuni inayofanana: mtu akitiwa hatiani kwa makosa kadhaa katika kesi moja, vifungo hufuatana, kimoja kikianza baada ya kingine kumalizika, isipokuwa mahakama ielekeze vinginevyo. Neno "concurrent" ndilo hilo "vinginevyo". Likitafsiriwa kwa neno la kujumlisha, msikilizaji anaachiwa kanuni, na nafuu aliyopewa inatoweka masikioni mwake. Anaweza kukata rufaa pasipo sababu, au kukata tamaa pasipo sababu.

3.2 Sambamba

"Sambamba" husikika katika taarifa za mahakama nchini Tanzania, na lina sifa njema: ni fupi, ni la Kiswahili, na halijumlishi moja kwa moja. Hata hivyo lina kasoro mbili.

Kwanza, mwanafunzi wa hisabati hulijua kupitia "mistari sambamba", yaani mistari isiyokutana kamwe. Taswira yake ni kinyume cha taswira ya Kilatini, ambamo mbio huishia kwenye makutano. Kasoro hii peke yake si kubwa, maana istilahi hailazimiki kurithi taswira ya asili yake. Pili, na hapa ndipo penye hatari, "sambamba na" limekuwa katika lugha ya maofisa kiunganishi cha nyongeza. "Sambamba na hilo, serikali itajenga barabara" haina maana ya saa ileile. Ina maana ya "zaidi ya hilo". Basi "miaka mitatu sambamba na miaka mitano" inarudi palepale penye jumla.

Watetezi wa neno hili wana hoja inayostahili kusikilizwa: istilahi hupata maana kwa matumizi, na matumizi ya Tanzania yamekwisha kulifinyanga. Hoja hiyo ni sahihi kwa wasomaji wa magazeti ya Dar es Salaam. Kwa msikilizaji wa Kampala, aliyejifunza Kiswahili kambini au njiani, mazoea hayo hayapo. Istilahi ya Afrika Mashariki haiwezi kutegemea mazoea ya nchi moja.

3.3 Kwa wakati mmoja

Kisawe hiki ni kirefu na hakina mvuto wa istilahi. Lakini hakijumlishi. "Vifungo vyote viwili vitatumikiwa kwa wakati mmoja" inaacha nafasi ndogo mno ya kuongeza 3 juu ya 5. Tena kinaafikiana na Kiganda, ambacho kina usemi wa muundo uleule, "mu kiseera kye kimu". Mkalimani wa Kampala anayefikiri kwa Kiganda hatateleza.

4.0 Nje ya mahakama

Utata huu unavuka milango ya mahakama. Katika utafiti wa virusi vya ukimwi, neno hilohilo la Kiingereza hutumika kwa mahusiano ya kimapenzi ambayo muda wake unaingiliana, yaani mtu anakuwa na mwenzi wa pili kabla uhusiano wa kwanza haujakoma. Uganda ina historia ndefu katika mjadala huu, kuanzia kampeni za uaminifu za mwishoni mwa miaka ya 1980. Dodoso likiuliza kuhusu "wapenzi wengi kwa pamoja", mhojiwa anaweza kudhani anaulizwa kuhusu kitendo cha watu wengi chumbani, akakana kwa hasira. Au akadhani anaulizwa jumla ya wapenzi wa maisha yake, akatoa idadi isiyohusika. Majibu yote mawili yataingia katika takwimu, na takwimu zitaingia katika sera. Hapa hata "kwa wakati mmoja" halitoshi, kwa kuwa linaweza kusikika kama saa moja, kinachofaa ni sentensi kamili: "Je, ulianza uhusiano mwingine kabla wa kwanza haujaisha?"

Mfano huu unafunua jambo la msingi. Kiswahili huonyesha matukio ya wakati mmoja kupitia kitenzi na kiunganishi kuliko kupitia kivumishi: "alikuwa akila huku akisoma", "kabla hajamaliza alianza". Kutafuta neno moja la kulingana na neno moja la Kiingereza ni kuiacha nguvu ya lugha pembeni.

5.0 Mapendekezo na hitimisho

Mambo matatu yanafuata kutokana na uhakiki huu. Kwanza, katika adhabu, "kutumikiwa kwa wakati mmoja" kuwekwe mkabala na "kutumikiwa kwa kufuatana", ili kila kimoja kimfafanue mwenzake. "Sambamba" libaki kwa hisabati na kwa ukalimani sambamba, ambako halina hatari. Pili, kisawe chochote kisitegemewe peke yake: mkalimani ataje muda wa mwisho, kwa mfano, "yaani utakaa gerezani miaka mitano, si minane", kabla ya punguzo lolote ambalo sheria inaruhusu. Idadi haina utata ambao neno linao. Tatu, vyombo vya lugha vya kanda, zikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar na BAKITA nchini Tanzania, viijaribu istilahi ya sheria kwa wasikilizaji wa kawaida wa nchi zote kabla ya kuisanifisha.

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na tangu mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini umekifanya somo la lazima katika miaka ya kwanza. Maamuzi haya yataongeza wasemaji. Hayataongeza uelewa iwapo maneno yanayobeba uhuru wa mtu yataachwa yajitafutie maana. Kati ya kizimba cha Nakawa na lango la Luzira mwendo ni mfupi. Anayeusafiri ana haki ya kujua, kwa lugha anayoielewa, kama ni miaka 5 au 8 inayomsubiri.