Jina la Mtunzi katika Silsila: Ushairi wa Kisomali na Ufundishaji wa Fasihi Simulizi

Makala haya yanakusudia kulihoji fundisho moja lililozoeleka mno katika madarasa yetu, nalo ni kwamba fasihi simulizi haina mwenyewe. Ni mali ya jamii nzima, na mtunzi wake, hata kama alikuwako, amekwisha kumezwa na umma. Fundisho hili huenda likafaa kwa methali, vitendawili na baadhi ya ngano. Likitumiwa kwa ushairi wa Kisomali, ambao ni urithi wa wakazi wengi wa Garissa, Wajir na Mandera, linapotosha. Tena hasara yake haiishii katika kupotea kwa jina la mtu mmoja, kwani linatuficha jinsi mtunzi anavyoweza kuwa mkweli wa nafsi yake huku akifungamana na watunzi wenzake.

Tuanze na kanuni. Utafiti wa B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, uliochapishwa mwaka 1964, ulikwisha kuonyesha kwamba katika mapokeo haya mtunzi na mghani si lazima wawe mtu mmoja. Kazi ya mghani ni kulihifadhi shairi neno kwa neno, na anapolighani hutakiwa kumtaja aliyelitunga. Ajitwaliaye shairi la mwingine, au alichanganyaye na maneno yake mwenyewe, huhesabiwa kuwa amevunja amana. Umbo lenyewe husaidia kuilinda amana hiyo. Katika utanzu wa gabay, kila kipande cha mshororo hakina budi kuwa na neno linaloanza kwa sauti moja ile ile, toka mwanzo wa shairi hadi mwisho wake. Aliyesahau neno hawezi kuliziba pengo kwa neno lolote limjialo kinywani. Masikio ya hadhira yatamgundua. Na mwaka 1976, mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alipozieleza kwa maandishi kanuni za mizani, ilidhihirika kwamba upo ulinzi wa pili, ule wa wizani. Basi hapa tunayo fasihi simulizi ambayo jamii haikummeza mtunzi; imejitwika jukumu la kumhifadhi.

Hata hivyo, mtunzi huyu hakai peke yake. Wasomali wana desturi waiitayo silsilad, neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwani nasi tunalo katika umbo la silsila. Mshairi mmoja hutoa shairi, wa pili humjibu, wa tatu huingia kuwapatanisha au kuwapinga wote wawili. Silsila ya Guba, iliyoanza katika miaka ya 1920 na iliyowahusisha Cali Dhuux, Qamaan Bulxan na Salaan Carrabey, ni maarufu hadi leo. Katika miaka ya 1972 na 1973 ilizuka Siinley, iliyotungwa kwa sauti ya S. Mwaka 1979 Gaarriye alianzisha Deelley kwa sauti ya D, akiushutumu ukabila uliokuwa ukiitafuna Somalia baada ya vita vya Ogaden. Alijibiwa na Maxamed Ibraahim Warsame, yaani Hadraawi, ambaye alikuwa ametoka kifungoni mwaka 1978. Washairi wengine wengi wakafuata, na tungo hizo zikaenea kwa kanda za kaseti ambazo wakuu wa serikali hawakuweza kuzizuia.

Yafaa tutue kidogo hapa. Katika Siinley na katika Deelley, washiriki wote walifungwa na sauti moja iliyochaguliwa na mwenzao. Mtu angedhani kwamba kifungo hicho kingewafanya wafanane. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Kwa kuwa sauti ni moja na mada ni moja, kilichobaki cha kumtofautisha mshairi na mwenzake ni msimamo wake na uwezo wake wa kufikiri. Aliyeazima fikira za wengine hakuwa na pa kujificha. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba ukweli wa nafsi, katika mapokeo haya, si siri ambayo mtunzi huitafuta akiwa mpweke. Ni jambo linalothibitishwa na jibu la mtunzi mwenzake.

Waswahili hawana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana na washairi wa Lamu wakati wa ugomvi wa miji hiyo miwili. Tunamjua kwa jina kwa sababu watu wa Mombasa waliendelea kuyakumbuka mashairi yake kuwa ni yake, hata W. E. Taylor akaweza kuyakusanya mwishoni mwa karne ya 19 kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Katikati ya miaka ya 1970, Lamu hiyo hiyo, ambayo ni jirani wa Garissa upande wa kusini, ilishuhudia mashairi ya Kimondo yakitungwa na kujibiwa katika mashindano ya uchaguzi. Majibizano, basi, ni daraja lililokwisha kujengwa kati ya fasihi hizi mbili. Sisi tu ndio hatulivuki.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito kwa Garissa hasa? Eneo hilo liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi mwaka 1991. Kwa takriban miaka 28, sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa kuhusu wakazi wake iliandikwa na watu wengine: maofisa, wanajeshi, waandishi wa habari. Katika maandishi hayo, mtu wa kaskazini mashariki aghalabu hakuwa na jina. Alikuwa shifta, mfugaji au mkimbizi. Mwanafunzi wa Garissa anapofika chuoni na kuambiwa kwamba hata shairi la babu yake halina mwenyewe, tunamnyang'anya kwa jina la taaluma kitu ambacho hata sheria za hali ya hatari hazikuweza kumnyang'anya.

Matokeo yake yanaonekana katika uandishi. Kijana anayeamini kwamba nyuma yake hakuna watunzi, ila umma tu, hana wa kumjibu. Humwandikia msomaji wa mbali, akimweleza ngamia ni nini na ukame ni nini, kama mwongozaji wa watalii. Angalikuwa na mtunzi mwenzake kwa msomaji wake wa kwanza, asingalihitaji maelezo hayo. Angalilazimika kusema analoliamini, kwani mwenzake angaliujua uwongo wake.

Hatudai kwamba mapokeo haya hayana dosari. Guba, ambayo jina lake lina maana ya kuchoma, ilichochea uhasama wa koo. Zaidi ya hayo, amana ya jina haikugawanywa kwa haki: buraanbur, utanzu wa wanawake, haikupata waghani wa kuisambaza kama gabay ilivyowapata, na majina ya watunzi wake wengi yamepotea. Lakini dosari hii ya pili inaitia nguvu hoja yetu. Pale ambapo jina halikuhifadhiwa, hata jibu halikuwezekana.

Mambo mawili yanahitajiwa. Kwanza, vitabu vya fasihi simulizi viache kauli ya jumla kuhusu umiliki, viueleze utanzu mmoja mmoja kwa kanuni zake. Pili, watafiti wanaokwenda Garissa, iwe kwa Wasomali au kwa jirani zao Wamunyoyaya wa kandokando ya mto Tana, wasikusanye shairi lililo pweke. Waulize ni nani aliyelitunga, alikuwa akimjibu nani, na ni nani aliyemjibu. Walikusanyapo shairi pasipo maswali hayo, watakuwa wamechukua maneno na kuyaacha mazungumzo.