Mkahawa wa Kosheri wa Kimediterania: Kupima Jiko na Kukagua Bili

Cheti cha kosheri huthibitisha kwamba jiko linafuata sheria ya Kiyahudi. Kuhusu utamu wa chakula na usahihi wa bili, hakisemi lolote. Kwa hiyo anayeupima mkahawa wa aina hii, uwe Yerusalemu au New York, huanza na cheti bila kuishia hapo.

Cheti cha kuaminika hutundikwa mahali pa wazi, kikitaja rabi au taasisi inayosimamia na tarehe ya kuisha muda wake. Kwa kawaida huonyesha pia kama jiko ni la nyama au la maziwa. Viwili hivyo havichanganywi, kwa msingi wa amri ya Torati ya kutompika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake (Kutoka 23:19). Bango linalosema tu “mtindo wa kosheri” si uthibitisho wa chochote.

Masharti hayo ndiyo humpima mpishi. Pwani nyingi za Mediterania hujivunia pweza, ngisi na kamba. Jiko la kosheri huruhusu samaki wenye mapezi na magamba tu. Penye mishikaki hapana mtindi wala jibini. Mpishi mvivu huziba pengo kwa krimu bandia na majarini, na ulimi hugundua mara moja. Hodari hutegemea tahini (rojo ya ufuta), ndimu, mafuta ya zeituni na moto.

Humusi ndiyo mtihani wa kwanza. Dengu ziwe zimelowekwa usiku kucha na kupikwa hadi zipondeke kwa vidole. Rojo iwe laini na vuguvugu, ladha ya ufuta isikike bila uchungu. Inayoletwa baridi na imeganda ni ya jana. Falafeli nzuri hukaangwa baada ya kuagizwa: nje kavu, ndani kijani kwa kotmiri. Ikichuruzika mafuta, karai halikupata moto wa kutosha. Biringanya huchomwa kwenye mwali hadi ganda liungue, maana oveni huilainisha tu, haiipi harufu ya moshi. Nyama nayo ina siri yake. Ili kuondoa damu, hutiwa chumvi kisha ikaoshwa kabla ya kufika kwa mpishi, hivyo mishikaki yenye chumvi kali ni dalili ya mpishi asiyeijua nyama yake.

Mkanganyiko wa bili mara nyingi huanzia kwenye vibakuli vya saladi vinavyotangulia mlo. Kuna mikahawa inayovitoa bure na kuviongeza vikiisha, na kuna inayotoza kwa kila kichwa. Mlaji makini huuliza kabla ya kuonja. Bakshishi nayo hutatiza. Huko New York, kundi kubwa linaweza kukuta imeshaongezwa kwenye bili, na asiyesoma huilipa mara mbili.

Kosa likionekana, huitwa mhudumu, akaonyeshwa mstari wenyewe kwa sauti ya kawaida na kuombwa bili mpya. Akishindwa, aitwe meneja. Kama fedha zimeshakatwa kwenye kadi, zirudishwe kwenye kadi hiyohiyo na risiti ya marejesho itolewe. Msimamizi wa kosheri hahusiki, kwani kazi yake ni jiko.

Dai la namna hii si kuomba fadhila. Wanazuoni wa Kiyahudi wa Talmudi walitenganisha bei iliyozidi na hesabu iliyokosewa: bei ikizidi thamani kwa chini ya sudusi, husamehewa; kosa la idadi, uzito au kipimo hurekebishwa hata likiwa dogo. Uungwana unadai vilevile kwamba mlaji aliyesahauliwa sahani moja kwenye bili aseme.

Mikahawa ya kosheri hufungwa kabla ya jua kuzama siku ya Ijumaa, na shughuli za fedha husimama hadi Sabato iishe Jumamosi usiku. Mwenye dai la Ijumaa mchana alimalize kabla hajainuka mezani.