Kila chombo kwa wimbile, hata angani

Wazee wa pwani hawakungoja chombo kitie nanga ndipo wajue ni cha nani. Mtepe ulijulikana ungali mbali, kwa ubao wake ulioshonwa kwa kamba za makumbi na tanga lake la mkeka lenye pembe nne. Jahazi lilijulikana kwa tanga lake la pembe tatu. Na meli za Vasco da Gama zilipotokea Mombasa na Malindi mnamo 1498, umbo lake pekee lilitosha kumweleza aliyekuwa ufuoni kwamba hao si wageni wa kila msimu. Ndiyo maana methali yetu inasema kila chombo kwa wimbile.

Methali hiyo hunijia kila ninaposoma miswada ya bunilizi za kisayansi inayoandikwa na vijana wetu kwa Kiswahili. Nafurahi kwamba inaandikwa. Zamani tuliambiwa ati Kiswahili hakiwezi kwenda angani! Lakini katika mingi ya miswada hiyo, sayari mbili zinapigana na vyombo vya pande zote mbili vinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Hapa "chombo kikubwa cha ajabu", pale "chombo kinachong'aa", kule "chombo chenye kasi kuliko umeme". Ukifuta majina ya makamanda, huwezi kujua nani anamfyatulia nani.

Ninahoji katika makala haya kwamba chombo cha angani katika bunilizi ni kauli juu ya jamii iliyokiunda. Mwandishi anayekiacha bila umbo ameiacha jamii nzima bila sauti. Hata hivyo, kauli hiyo ina hatari yake, nayo nitaifikia.

Hebu tutazame filamu ya Star Wars ya mwaka wa 1977. Mwanzoni kabisa, chombo kidogo kinapita juu ya vichwa vyetu kikikimbia. Nyuma yake linatokea dude la kijivu lenye ncha kama kabari, nalo linapita, linapita, mpaka unajiuliza litakwisha lini. Hakuna mhusika aliyekwisha kutamka neno, lakini mtazamaji ameshajua nani mnyonge na nani mwenye nguvu. Vielelezo vya kwanza vya vyombo vingi vya filamu hiyo viliundwa na Colin Cantwell, kisha Joe Johnston na wenzake wakaviendeleza.

Tofauti haiishii kwenye ukubwa. Vyombo vidogo vya kivita vya Dola ni tufe lililobanwa kati ya mbao mbili bapa, vyote vya kijivu, vyote sawa, na marubani wake wamefunikwa nyuso. Vya waasi vina mabawa manne yanayofunguka kama mkasi, vina michirizi ya rangi, vina masizi na mikwaruzo. Vinaonekana vimetumika na kutengenezwa na kutumika tena, kama matatu ya zamani ambayo mwenyewe anaipenda. Zaidi ya hayo, filamu inatuambia kwamba chombo kidogo cha Dola hakiwezi kufika mbali peke yake, ilhali katika filamu ya 1980 Luke anapanda chake na kwenda zake Dagobah bila kumuuliza mtu. Tazama basi: uhuru wa rubani mmoja na utumwa wa mwenzake umeandikwa katika mtambo wenyewe. Mtumishi wa Dola hata akitaka kutoroka hana pa kwenda.

Hata sauti ilibuniwa. Ben Burtt alichanganya mlio wa ndovu na sauti ya gari linalopita kwenye lami iliyolowa, akapata ule ukelele wa vyombo vya Dola. Mtazamaji anashtuka kabla hajaona kitu. Huo, kwa lugha yetu ya isimu, ni utofautishaji wa kimfumo: umbo, rangi, sauti na mwendo, kila kimoja kinapinga cha upande wa pili, kama fonimu zinavyopingana na kuzaa maana.

Katika Star Trek, mfululizo wa runinga ulioanza 1966, Matt Jefferies aliyesanifu chombo cha Enterprise alikuwa mtu aliyewahi kuruka katika ndege za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alifikiri kama fundi. Injini zina nguvu za kutisha, basi ziwekwe mbali na watu, juu ya mihimili. Ngozi ya nje iwe laini, kwa sababu hakuna fundi mwenye akili atakayependa kufanya ukarabati huko nje. Jamii inayojali uhai wa mabaharia wake ndiyo inayounda chombo cha namna hiyo. Wapinzani wao Waklingoni walipewa chombo chenye kichwa kilichochongoka mbele ya shingo ndefu, na mabawa nyuma, mithili ya ndege anayejinyoosha kudonoa. Nao Waborgi, waliojitokeza mwaka wa 1989, wanasafiri ndani ya mchemraba mkubwa. Mchemraba hauna omo wala tezi, wala mahali unapoweza kunyosha kidole useme hapa ndipo anaposimama nahodha. Kwa umma ambao nafsi ya mtu mmoja mmoja imefutwa, hilo ni umbo mwafaka mno.

Msomaji wa safu hii atataka kujua lugha inaingia wapi. Inaingia palepale. Kwa ajili ya filamu ya Star Trek ya 1984, mwanaisimu Marc Okrand aliunda Kiklingoni kamili kwa mantiki ileile ya wasanifu. Mpangilio wake wa kawaida wa sentensi huanza na yambwa, kisha kitenzi, kisha kiima. Yaani tunaposema sisi "Juma anakula samaki", Mklingoni anasema "samaki anakula Juma", na aliyeliwa ni yuleyule samaki! Mpangilio huo ni adimu sana katika lugha za wanadamu, na ndiyo sababu ulichaguliwa. Sarufi ya chombo na sarufi ya kinywa zilitumwa kazi moja: kutuonyesha kwamba hawa si sisi.

Na hapo ndipo penye ile hatari. Usanifu ukifaulu sana, hutufundisha kuchukia kabla ya kusikiliza. Chombo cha Dola kikilipuka tunashangilia, kwani hakina uso, na aliyemo ndani hana uso pia. Hatumuulizi alilazimishwa au alijitolea. Kwa watoto huo ni mchezo, najua. Lakini sisi Wakenya hatuwezi kusema hatujui mchezo huo unaishia wapi. Baada ya uchaguzi wa 2007, wapo watu waliohukumiwa kwa jina la ukoo na lafudhi tu, kama kwamba jina ni umbo la chombo cha adui kinachoonekana kwa mbali. Uwezo wa kutambua "wale" kwa kutupa jicho ni ustadi kwa baharia, ila ni balaa kwa jirani.

Mwandishi mzuri hujenga tofauti hiyo kwa uangalifu, halafu huivuruga. Katika filamu ya Star Trek ya 1986, Kirk na wenzake hawana Enterprise tena. Wanasafiri katika chombo walichowateka Waklingoni, na ndicho kinachoiokoa dunia. Umbo lilelile lililotutisha juzi, leo tunaliombea lifike salama. Filamu haikukibadilisha chombo, ilibadilisha waliomo.

Fasihi yetu nayo haikuanza jana. Mwaka wa 1995, Katama Mkangi alitupa riwaya ya Walenisi. Humo Dzombo anatiwa katika chombo cha angani ambacho watawala wake walikusudia kiwe njia ya kumwangamiza, lakini kinaishia kumfikisha kwenye jamii iliyopangwa kwa haki. Chombo cha kuulia kinageuka chombo cha kuokolea. Kuhusu sura yake, Mkangi hakutaka tukae tukistaajabia bati na taa. Alitaka tuutafakari mwisho wa safari. Na jina la mahali hapo ukilikata vipande linasema wazi: wale ni sisi. Mkangi, aliyepata kuwekwa kizuizini na serikali miaka ya themanini, alijua gharama ya kuitwa mmoja wa "wale".

Ningependa basi kijana anayeandika vita vya sayari mbili ajiulize maswali machache kabla ya kurusha chombo chochote. Kimeundwa kwa madini gani, na nani aliyachimba? Nahodha analala wapi, na mpishi analala wapi? Kikiharibika, kinatengenezwa au kinatupwa? Kuna njia ya kutoroka, na ni ya nani? Majibu yakitofautiana kati ya pande mbili, umbo litajileta lenyewe. Kisha ajiulize swali la mwisho: nani wa upande huu angeweza kuishi ndani ya chombo cha upande ule?

Maneno hayatampungukia. Rubani alikuwa mwelekezi wa vyombo vya baharini kabla hajawa mwendeshaji wa ndege. Nahodha, usukani, omo, tezi, ngama na mkuku vimekaa bandarini vikingoja abiria wapya. Tena Kiswahili kimekwisha kufika huko juu. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, nayo ikapewa jina Uhuru. Aliyerusha chombo akakumbuka kukipa jina la wenyeji wa ufuo. Waandishi wetu wana kazi ya kukipa sura, na ya kutuambia ni akina nani waliomo.