Mji Uliosahauliwa: Kuhusu Mikusanyo ya Vitendawili

Mikusanyo mingi ya vitendawili iliyomo katika maktaba zetu imepangwa kwa safu mbili: fumbo kushoto, jawabu kulia. Mpangilio huo humfaa mtahini. Je, waifaa sanaa yenyewe?

Tuchukue 'Nyumba yangu haina mlango'. Jawabu, twaambiwa, ni yai. Lakini mtoto akisema 'kaburi', amekosa nini? Jikoni kwa bibi, mtegaji angelazimika kulikataa jawabu hilo mbele ya watu, na pengine wangemshinda. Katika mtihani wa KCPE, uliodumu tangu 1985 hadi 2023, jawabu lilichaguliwa miongoni mwa manne. Hapakuwa na wa kubishana naye.

Kinachopotea zaidi ni mji. Hadhira ikishindwa, mtegaji hudai, 'Nipeni mji'. Hupewa Mombasa, naye huweza kuukataa kwa maringo akataka mwingine. Akisharidhika husimulia alivyokwenda na alivyokirimiwa huko, ndipo afumbue. Wahariri huutaja mji katika utangulizi, sentensi moja basi, kana kwamba ni adhabu tu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fumbo hugeuka hadithi. (Nami simo nje ya lawama: nilipokuwa masomoni ng'ambo niliandika tasnifu nzima juu ya miundo ya vitendawili pasi na kuutaja mji, wala msimamizi wangu hakuuliza.)

Mkusanyaji ajaye na anase kikao kizima, pamoja na ubishi wake na miji iliyokataliwa. 'Kaburi' liandikwe chini ya 'yai', na hoja iliyoliangusha, kama ilikuwapo.